Koti la Chuma Tulilolikataa

Binamu yetu wa Bujumbura alikuja kwetu Rumonge wakati wa likizo, na dadu mfukoni, na kitabu cha mchezo ambao kila mtu anajitungia shujaa, anamchagulia silaha, kisha anaingia naye kwenye hadithi. Msimulizi alikuwa yeye. Mimi nilichukua upinde. Dada yangu aliomba kasia, na binamu akacheka mpaka nikachukia. Hakujua kasia la wavuvi likimpata mtu kichwani linamfanya nini.

Kisha akatupatia koti la chuma, kinga kubwa kuliko zote kitabuni. Tulikataa sote wawili. Sisi watoto wa ziwani tunajua chuma mwilini ni kuzama.

“Lakini hadithi haiko na maji! Muko mu jangwa!”

“Maji itakuja tu,” dada akasema, bila hata kumtazama.

Kwa hasira binamu akatuletea majitu matatu. Tukafa jangwani na mashati yetu, tukicheka.

Siku hizi dada anaishi Kanada. Mimi hucheza mchezo ule na wenzangu wa kazini, mashujaa wao wote wamevaa chuma. Mimi bado nakataa, wala siwaelezi.

Ziwa lilipopanda, lilifika mpaka kwetu. Nilimtumia dada picha ya baraza tuliyochezea, maji yamefika madirishani. Akajibu, “Uko na kasia?”

Nikamwandikia, “Kasia lilikuwa lako. Mimi niko na upinde tu.”