Pikipiki Iliyovuta Kulia Hadi Jego

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilibadilisha springi za pikipiki yangu kwa sababu ya mashimo. Mashimo yalikuwapo, hilo halina ubishi. Mvua kubwa za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeichimba barabara ya Kwale hata tukaanza kuyapa majina. Lakini springi sikuzibadilisha kwa ajili ya mashimo. Nilizibadilisha kwa ajili ya shangazi yangu, Mwanasiti, na jambo hilo nililikana mbele ya kila aliyeniuliza, naye shangazi akiwa mmoja wao.

Shangazi ndiye aliyenilea, na nilipopata kazi Kwale akaja kuishi nami. Alikuwa abiria wangu wa kila safari: sokoni, maulidini, matangani. Alikaa upande, kama wanawake wa kwetu wanavyokaa, buibui amelikusanya mapajani, miguu yote miwili kushoto, mkono mmoja kiunoni mwangu na wa pili umeshika kikapu. Mwili alikuwa nao, wala hakuuficha. Siku moja tulipokuwa tukitoka mazishini upande wa Matuga tukaanguka katika tope. Hatukuumia, ila hasira zilinipanda, nikasema pikipiki hii haikuundwa kubeba watu wawili. Alijipangusa, akapanda, tukarudi. Baadaye alikwenda Jego, karibu na Vanga, kwa arusi ya binti wa marehemu kaka yake. Arusi ikaisha, wageni wakatawanyika, yeye akabaki kwa wifi yake.

Badala ya kumwomba radhi, nilinunua springi mpya za nyuma, nene kuliko zile za zamani. Mtu aliyesoma sana huona ni rahisi zaidi kurekebisha chuma. Nikapanga kwenda Jego kumwonyesha kwamba sasa watu wawili wanabebeka, naye angemaliza mengine mwenyewe.

Kwale hadi Ukunda. Nilitoka asubuhi kukiwa bado na umande. Kwenye mteremko wa kwenda Kombani pikipiki ilianza kuvuta kulia. Si sana, kama mtoto anayekuvuta mkono mkipita dukani. Nilipoongeza mwendo, nyuma ikawa inaruka kwenye kila tuta na usukani ukatikisika mikononi mwangu. Nilifika Ukunda nimekaza meno, nikasimama kwa fundi.

Fundi aliyenifungia springi alikuwa Mutua, mtu wa Machakos aliyeletwa pwani na kazi ya jenereta za hoteli, akaishia kwenye pikipiki. Siku ya kuzifunga alikuja nyumbani kwangu, akaniuliza azipange vipi, kwa maana chini ya kila springi pana pete yenye ngazi: ukiipandisha, springi hukaza; ukiishusha, hulegea. Nilimjibu kwa sauti ya mwenye mali, “Zipange kama zilivyokuwa za zamani.” Alizitazama za zamani, akanitazama mimi, akainua mabega.

“Madam, hizi ni za kazi,” aliniambia sasa. “Hata ubebe gunia la nazi hazishtuki.”

“Sijabeba gunia. Niko peke yangu, nayo inanivuta kulia.”

“Labda ni wewe unaivuta. Umeishika kama unamkaba mtu shingo.”

Alipima upepo wa tairi, akapunguza wa mbele kidogo. “Enda mos mos, usiharakishe,” akasema. Nilikwenda mos mos. Ilinivuta mos mos.

Msambweni. Jua lilikuwa limepanda nilipoingia uani kwa Saumu, rafiki yangu tangu shule ya wasichana. Chuo kikuu kilinifunza kwamba ukitafuta chanzo cha tatizo ubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja. Hakikunifunza uanze na lipi. Nilikuwa nimemaliza tairi, nikaamua kwenda kwenye usukani. Nilipindua kinu cha Saumu, nikaiegemeza pikipiki juu yake ili gurudumu la mbele lining’inie.

“Mwenzangu, hicho ni kinu changu,” alisema Saumu akileta chai. “Ukikivunja utatwanga kwa vile vitabu vyako.”

Usukani ulikwenda kulia na kushoto bila kukwama. Beringi zilikuwa nzima.

“Unakwenda kumwomba shangazi arudi?” aliuliza.

“Naijaribu pikipiki.”

“Mpaka Jego?”

“Barabara ya huko ni mbaya. Ni mahali pazuri pa kujaribia.”

“Haya,” alisema Saumu. “Ukifika, nisalimie barabara.”

Ramisi. Nilisimama mahali ambapo miwa ya zamani imeota ovyo bila mwenyewe. Nikakagua gurudumu la nyuma kama limekaa sawa katikati, maana likipinda kidogo pikipiki nayo hupinda. Alama za kulia na kushoto zililingana. Springi zenyewe sikuzikagua. Zilikuwa mpya, nami nilikuwa na imani na kila kitu kipya nilichokilipia mwenyewe. Kutoka hapo hadi Lunga Lunga niliendesha nikiwa nimeegemea kushoto, na nilipoingia njia ya vumbi ya kwenda Vanga niliuzoea mkao huo hata nikausahau.

Jego. Niliwasili baada ya alasiri. Shangazi alikuwa barazani akichambua mchicha.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Nimekuona tangu kule kwenye minazi. Mbona unakuja umelalia upande mmoja?”

“Pikipiki inavuta kulia.”

“Si nimesikia umeitengeneza?”

“Nimeitengeneza. Ndiyo sababu inavuta.”

Wifi yake, aliyekuwa mlangoni, akacheka hadi akaketi. Walinipikia wali, wakaniuliza habari za majirani wote, mmoja mmoja, na jambo lililonileta likazungukwa kama shimo katikati ya njia. Shangazi aliniuliza kwa nini nilibadilisha springi.

“Mashimo,” nilimjibu.

Asubuhi yake alinitaka nimpeleke Vanga kununua samaki. Alipanda kama zamani, miguu kushoto, mkono kiunoni mwangu. Njia ya Vanga ni mchanga, mawe, kisha tope jeusi ukikaribia mikoko. Tulikwenda moja kwa moja. Usukani ulitulia, nyuma ikatulia, nami kwa mara ya kwanza tangu nitoke Kwale nikakaa wima. Nilipunguza mwendo nikidhani nimekosea, nikaongeza tena. Wima vilevile.

Nilisimama kando ya njia, nikashuka, nikapiga magoti nyuma ya pikipiki. Pete ya springi ya kushoto ilikuwa kwenye ngazi ya juu kabisa. Ya kulia ilikuwa karibu na chini.

“Umeangusha kitu?” aliuliza shangazi.

“La. Nimeiona kasoro.”

“Iko wapi?”

“Springi ya kushoto imekazwa kuliko ya kulia, kwa kuwa uzito wako huwa kushoto. Ulikuwa ukiniambia unateleza, nami nilikuwa nikiipandisha ngazi moja. Kila uliponiambia.”

“Sikuwahi kujua.”

“Hukuambiwa.”

“Na hizi si mpya?”

“Mpya. Nilimwambia fundi azipange kama zilivyokuwa.”

Shangazi alizitazama zile springi muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, na najua sasa kwamba alikuwa akingoja. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Nilikuwa nimetoka nayo Kwale, nimekunywa nayo chai kwa Saumu, nimelala nayo Jego. Nilisimama, nikapangusa magoti, nikaligonga tairi kwa ncha ya kiatu.

“Basi unaona, shangazi,” nikasema. “Pikipiki inakuhitaji.”

“Pikipiki,” alisema, kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta hauna chumvi. “Na mwenye pikipiki je?”

“Mwenye pikipiki huenda inakompeleka.”

Niliona nimesema jambo la maana. Makala zangu nyingi huisha kwa maneno ya namna hiyo. Shangazi alicheka kidogo, cheko analopewa mgeni, akasema twende, samaki wataisha.

Kurudi. Wakati wa kuagana, asubuhi iliyofuata, alinifungia samaki wa kukaanga katika karatasi. Nilimwambia nyumba ni yake, jambo ambalo alilijua, na kwamba chumba chake hakijaguswa, jambo ambalo hata mwenye gesti angeweza kusema. “Nitafikiri,” alisema. “Nikienda Lunga Lunga nitakupigia simu.”

Spana ya kushushia pete ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Kazi yenyewe ni ndogo, ningeimaliza palepale uani. Sikuitoa. Pikipiki ikanivuta kulia Lunga Lunga, Ramisi, Msambweni, ambako sikusimama kwa kuogopa maswali. Ukunda nilisimama kutia mafuta, na Mutua akaniona ninavyokuja nimeegemea upande.

“Madam, sasa nimejua. Hizo springi hazilingani. Nilidhani ulitaka hivyo.”

“Nilitaka hivyo.”

“Nipe dakika tano nizisawazishe.”

“Ziache.”

“Zitakuangusha.”

“Ziache, Mutua.”

Kwenye mlima wa kutoka Kombani lori lilinipita kwa kasi, nyuma ikaruka, nikaingia mtaroni, majani yakinifika magotini. Nikakaa humo kidogo na samaki wangu. Nilijifunza huko mtaroni jambo ambalo ningelipenda kujifunza Vanga: kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nimemwambia shangazi nampenda kwa spana, mahali asipoweza kuona, na nilipopata nafasi ya kumwambia kwa mdomo nikaisemea pikipiki.

Simu ya nyumbani ililia siku chache baadaye, nikiwa nimetoka tu kuswali adhuhuri. Nyuma ya sauti yake nilisikia duka: mizani, redio, mtu akidai chenji.

“Ulifika salama?” aliuliza.

“Nilifika.”

“Ile springi umeishusha?”

“Bado.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nakutaka urudi,” nikasema. “Si pikipiki. Mimi. Nyumba imenishinda bila wewe, na maneno niliyoyasema siku ile ya tope yalikuwa ya kipumbavu.”

Redio ikaimba.

“Maneno haya ulikuwa nayo ulipokuja?”

“Nilikuwa nayo.”

“Basi uliyabeba kuja, ukayabeba kurudi.” Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. “Nilikungoja uyaseme pale njiani, na usiku, na asubuhi ulipokuwa ukiondoka. Juzi nimempa wifi neno langu kwamba nabaki. Tumeanza kulima shamba la mpunga pamoja, naye hana mwingine. Siwezi kulirudisha.”

“Naelewa, shangazi.”

“Ishushe, mwanangu,” alisema. “Usije ukaanguka.”