Gurupe ya Njia ya Wamaza

Mume wangu alijaribu gurupe sokoni Kasongo kama mtu anayejaribu viatu. Gurupe ndivyo tunavyoita jenereta kwetu. Nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya wauza nyaya na wauza betri, mrija puani, mashine yake ya hewa miguuni, na muuzaji akavuta kamba. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ina magurudumu yake, sauti yake nzito ya kujisikia. Mashine ya hewa ikawaka, ikaanza kuhema, na mume wangu akafumba macho kwa raha. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kubebwa kwa mkono mmoja, inayokunywa esansi, ndiyo petroli, iliyochanganywa na mafuta ya injini, na kelele yake inachoma masikio. Nayo iliiwasha mashine vilevile. Wamama wa samaki waliacha meza zao wakaja kutazama mutu anayepumua umeme. Niliwauliza kama kwao hakuna wagonjwa, wakarudi kwenye samaki.

Mume wangu alikuwa mtwanga mawe kwenye machimbo ya Salamabila. Mawe ya dhahabu hutwangwa kwa chuma mpaka yawe unga, na ule unga haukai wote ndani ya kinu. Alirudi kwangu na kifua kilichojaa jiwe. Hospitali walitupatia ile mashine, sanduku lenye ukubwa wa mtungi wa maji, linalovuta hewa hii yetu ya bure, linaichuja, linampa mgonjwa ile anayoihitaji. Bila umeme ni sanduku tu. Bila sanduku mume wangu aliweza kukaa kitambo, akitulia, halafu midomo ilianza kubadilika rangi.

Mama yake alikuwa anakaa mbali, kijijini Wamaza, mzee ambaye miguu yake haikuweza tena safari. Alikuwa amezaa watoto wengi na kuzika wachache, kwa sababu wengine walifia mbali, na habari zao zilimfikia kwa simu au kwa mtu aliyesimama uwanjani akishindwa kuanza kusema. Alituma neno kwa mpita njia, na mpita njia alitufikishia kama lilivyo: "Huyu mumoja muniletee akiwa anapumua."

Nilikataa. Muuguzi naye alikataa, akasema safari ile itammaliza. Lakini mume wangu hakuwa mtu wa kubishana. Akishaamua jambo, anakunja nguo. Kila asubuhi nilimkuta ameketi kitandani anakunja ile ile shati yake nyeupe, anaikunjua, anaikunja tena. Ungefanya nini? Nilipiga kelele siku kadhaa, halafu nikaenda kutafuta gari.

Lilikuwepo gari moja tu la kumfaa. Wazungu wawili waliokuwa wakizunguka dunia walifika Kasongo wakati wa mvua, gari likavunjika, wakachoka na sisi na matope yetu, wakamwachia mfanyabiashara mmoja. Lilikuwa na kitanda ndani, meza ya kukunja, kabati, mapazia ya maua. Watu waliliita nyumba ya matairi, na mdogo wangu ndiye aliyeajiriwa kuliendesha, maharusi walipotaka kujionyesha mjini. Betri za ndani zilikuwa zimeuzwa zamani kwa watu wa sola. Lakini ubavuni lilikuwa na tundu la kuchomeka umeme, ambalo wenyewe walilitumia huko kwenye kambi zao. Kitanda na tundu, ndivyo vilivyonifanya niseme haya, twende.

Basi ikabaki gurupe, na kila mtu akawa mwalimu. Muuguzi alisema nichukue kubwa, kwa sababu ile ndogo itatosha mashine ya hewa peke yake, na juu ya hapo isibebe kitu kingine. Mdogo wangu alisema kubwa itang'oa kile chuma cha nyuma ya gari, pale wazungu walipofunga baiskeli zao, na ndani haiwezi kukaa, moshi wake utatuua sote tukiwa tumelala. Tena alisema kubwa inasikika mbali, na huko Kabambare porini iko watu wenye bunduki ambao hutaki wajue umebeba nini. Mimi nilikuwa na yangu. Kwetu gurupe ambayo mwanamke hawezi kuinyanyua si yake, ni ya wezi, amewatunzia tu. Nilitaka ile ambayo nikisikia risasi ninainyakua na kukimbia. Nikachukua ndogo. Anayenicheka aje anionyeshe angeikimbiza vipi ile ya magurudumu.

Tuliondoka kiangazi, njia zikiwa zimekauka. Mdogo wangu aliifunga gurupe nyuma, nje, juu ya kipande cha godoro, kwa mipira iliyokatwa kutoka matairi ya ndani ya baiskeli. Ilinguruma gari likitembea. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na dirisha la nyuma nikisikiliza. Gari likiinama, esansi inakwenda upande, gurupe inakohoa, mashine ya hewa inapiga filimbi yake ya kulalamika, nami nagonga ukuta ili mdogo wangu asimame. Nashuka, navuta kamba. Kuongeza esansi ilibidi izimwe kwanza na ipoe kidogo, na wakati huo mume wangu anakaa na hewa yetu sisi. Nilimwomba asiseme. Yeye ndio kwanza anafungua pazia kuwasalimu watu wa njiani, habari za shamba, habari za watoto. Nilimwambia anamaliza pumzi kwa watu asiowajua. Akanitazama akacheka bila sauti.

Kwenye kijito kimoja magogo ya daraja yalikuwa yameoza, tukapita majini, na nyumba ya matairi ikakaa kwenye tope kama iliyojengwa hapo. Watu wa kijiji cha ng'ambo walitoka mashambani na majembe yao. Walikata miti, walichimba, walifunga kamba, wakavuta wakiimba, wakalala matopeni ili wanyanyue magurudumu kwa mabega. Asubuhi yote iliishia hapo. Gurupe haikuzima hata mara moja, na mimi nilimshukuru Mungu kwa kila mngurumo.

Gari lilipotoka niliuliza tuwape nini. Walisema hakuna. Halafu wakaanza kutoa simu. Zilikuwa zimekufa zote, nyingine zimefungwa kwa mpira, na walikuwa wameisikia gurupe tangu tukiwa majini. Kwetu ni hivyo, gurupe ikinguruma kijijini, umeme si wako peke yako. Nilisema hapana. Nilisema ni ya mgonjwa, na nikasema kwa ukali, kwa sababu niliona aibu. Mume wangu akasogeza pazia.

"Mama watoto, hawa wametubeba mgongoni. Wape umeme."

Nilimjibu kwamba umeme ule ni pumzi yake. Akasema pumzi yake inatosha. Simu tu, nikasema, simu na basi. Mdogo wangu alipitisha multiprize, ule waya wenye matundu mengi, dirishani, wakatandika mkeka, na simu zikapangwa juu yake. Sauti ya gurupe haikubadilika, nami nikaingia ndani kumlisha uji.

Sasa pale kijijini alikuwepo kijana mmoja, wa moto kutoka Salamabila, maana pikipiki sisi tunaiita moto. Alikuwa amekuja kusalimia ukweni. Safari iliyopita alimletea mama mkwe wake pasi ya umeme, mpya, ndani ya kartoni. Kijiji hakina waya hata mmoja. Mama mkwe aliiweka juu ya kabati, na wanawake wenzake wakamchekelea wee, kwamba mukwe amemletea chuma baridi, afadhali ya makaa. Kwa hiyo mwanamume yule alitaka mara moja tu mama mkwe aone inapata moto. Mama alikuwa amekwisha kuleta kitenge chake cha kanisani. Hayo yote niliyajua baadaye. Yeye alichomoa simu moja, akachomeka pasi.

Gurupe ilishusha sauti, ikaguna, ikataka kupanda, ikazima. Harufu ya kuungua ikaingia dirishani. Mashine ya hewa ikapiga filimbi na kunyamaza.

Nilivuta kamba mpaka ngozi ya kiganja ikatoka. Injini iliwaka. Iliwaka vizuri kabisa, inanguruma, inatoa moshi, lakini umeme hakuna, maana kilichoungua ni kile kinachozaa umeme. Mdogo wangu alifungua, akafunga, akafungua tena, akakaa chini na bisibisi mkononi. Nikamwona yule wa moto amesimama na pasi. Nilimpiga kofi mbele ya mama mkwe wake. Hakuinua mkono. Mimi nilikaa kwenye tope nikalia kama mtoto, kwa sababu ndani ya gari nilimsikia mume wangu akivuta hewa na hewa haiji.

Kurudi Kasongo ilikuwa mbali kuliko kwenda mbele. Mbele, kwa gari lile na njia ile, hatungefika kabla ya jioni. Yule wa moto alikuja akasimama mbali kidogo nami, shavu lake limevimba.

"Mama, niko na moto. Mupande."

Nilimgeukia mume wangu, nikamwambia apumzike kitandani, huenda gurupe ikatengenezwa. Aliuliza, kwa vipande vipande, alale akingoja nini. Alikuwa amekwisha kuvaa shati nyeupe.

Tulimkalisha katikati, dereva mbele, mimi nyuma, mama mkwe wa dereva akatufunga mimi na mume wangu pamoja kwa kile kitenge. Mdogo wangu alibaki na gari. Mgongo wa mume wangu ulikuwa kifuani pangu, kila pumzi yake niliipata mwilini, fupi, fupi, kisha moja ndefu ya kutafuta. Nilikuwa bado nina hasira na yule dereva. Tulipita mashamba ya mihogo, tukapita mlima mdogo, na mume wangu aliinua kidole akanionyesha kitu, mti au nyumba, sijui. Kisha kidole kikashuka.

Nilingoja pumzi nyingine. Nilingoja mpaka tukapita kijiji kizima. Kichwa chake kililala upande, nami nikakishika na shavu langu.

Nilijua. Na nilijua pia mambo ya njia. Wa moto akijua amebeba maiti atasimama, ataita watu, watatushusha kwenye baraza la nyumba tusiyoijua, chifu ataitwa, maswali yataanza, na mume wangu atalala kwa wageni. Basi nikaanza kumsemesha. Nilisema kwa sauti, ili yule wa mbele asikie: unaona, baba watoto, ile nyumba wameiezeka kwa bati. Tulia, tumekaribia. Mama yako atakuuliza mbona umekonda, utamwambia nini? Nikamjibia mwenyewe kwa mguno, mmh, kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza. Nilimsimulia habari za watoto. Nilimgombeza kuhusu pazia. Machozi yalishuka kwenye kola ya shati yake, na sikuacha kusema mpaka koo likakauka. Dereva hakugeuka. Aliyakwepa mashimo polepole sana.

Tulipofika Wamaza, mama mkwe wangu alikuwa uwanjani anamenya karanga. Alisimama, akaja kwa fimbo yake, akaweka kiganja kwenye shavu la mtoto wake. Alikiacha hapo. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa bado nimefungwa naye kwa kitenge.

"Amekufia wapi?"

"Hapa, mama. Tulipoingia uwanjani kwako. Alikuwa anapumua."

Alimgeukia dereva, akamtazama kwa muda mrefu, nami sikuwa na nguvu hata ya kumwomba. Yule mwanamume alikuwa bado ameshika usukani wa moto yake kwa mikono miwili.

"Ni kweli, mama," akasema. "Njia yote walikuwa wanazungumuza."