Bibi Aliyepakwa Rangi ya Ukuta

Nikisikia harufu ya rangi ya mafuta, hata leo, natoka nje. Wengine wanaipenda, wanasema inanukia sikukuu. Mimi inanirudisha kwenye kiangazi kimoja pale Ilembo, Mpanda, nilipokuwa darasa la tatu, ambapo watu wazima wenye vyeo vyao walikaa kikao na kukubaliana kufanya upuuzi. Kabla ya harufu hiyo ilikuwepo nyingine, ya vumbi la mninga, iliyojaa uani kwetu mpaka kwenye uji. Baba yangu alikuwa fundi seremala, Mpimbwe aliyehamia mjini kutoka kijiji cha Mamba, na kazi yake ya kila siku ilikuwa vitanda na milango. Mwaka ule wananchi wa mtaa wetu walikuwa wamejijengea zahanati kwa nguvu zao, na akina mama wakashika msimamo kwamba barazani, karibu na mlango, iwekwe sanamu ya Bibi, mama yake baba.

Bibi alikuwa mkunga. Wengi waliobeba matofali ya zahanati ile, mikono ya kwanza kuwagusa duniani ilikuwa ya kwake. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia bila kuacha picha hata moja, kwa sababu kila alipoitwa kupigwa picha alisema ana kazi, na kweli alikuwa nayo. Sura yake ilibaki vichwani mwetu tu, na baba alijua kwamba vichwa vinasahau. Aliniambia waziwazi huku akinoa patasi, "Nisipomtoa sasa, mwanangu, mwakani sitamwona vizuri." Mtaa ulileta gogo la mninga lililokauka, naye akalichonga wiki baada ya wiki, Bibi amesimama, amempakata mtoto mchanga. Alipofika usoni aliniita kila jioni nimkosoe. Nilimwambia shavu limejaa mno, akapunguza. Nilimwambia Bibi hakuwa anatabasamu hivyo, akafuta tabasamu. Siku alipomaliza kumpaka nta, mama alitoka jikoni, akamwona, akakaa chini palepale akalia.

Ndipo kamati ya ujenzi ikaja kukagua. Mwenyekiti wake alikuwa muuza saruji mmoja aliyevaa suti hata jua la saa saba, na aliyeamini kwamba kukunja uso ni sehemu ya kufikiri. Nyuma yake alikuja Mzee Masanja, mfugaji aliyetoka Usukumani na ng'ombe wake, ambaye alizunguka sanamu mara mbili akauliza, "Sasa ng'ombe yuko wapi? Nyie mmeweka mtu tu, na sisi wafugaji je?" Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, nikafinywa. Mwenyekiti akagonga kichwa cha Bibi kwa kidole kama anayechagua tikiti sokoni.

"Fundi, hii kitu mbona haina rangi?"

"Mninga haupakwi rangi, mheshimiwa. Nimeupiga nta, inatosha."

"Hili ni jengo la serikali. Kitu cha serikali hakikai uchi. Mgeni rasmi anakuja Alhamisi, atuone washamba?"

Katibu, ambaye angeandika hata chafya ya mwenyekiti, akaandika kwenye daftari lake kwamba sanamu iko uchi. Mwenyekiti akauliza nani anakubali ipakwe rangi, mikono ikanyooshwa, yote, hata wa Mzee Masanja. Baba akasema, "Sawa, mheshimiwa."

Sanamu ikasimamishwa barazani kwenye zahanati, na fundi rangi akaambiwa aipake sawasawa na ukuta, naye, kwa kuwa hakulipwa ili afikiri, alitii. Ukuta ulikuwa bluu chini na krimu juu, kama ofisi zote. Akavuta uzi kutoka ukutani, akaupitisha kifuani kwa Bibi ili mstari usipinde. Chini ya uzi Bibi akawa bluu, juu ya uzi akawa krimu. Mtoto mikononi akapata miguu ya bluu na kichwa cha krimu. Rangi ilikuwa nzito, ikajaza mikunjo ya macho na mdomo, na bibi yangu aliyekuwa mweusi wa kung'aa akabaki na uso wa boga lililomenywa. Alhamisi mgeni rasmi aliuliza huyu ni nani. Mwenyekiti akajibu bila aibu, "Ni mama wa Taifa zima, mheshimiwa." Watu wakapiga makofi. Baba naye akapiga. Nilimdharau mwenyekiti kwa moyo wangu wote, lakini siku ile nilimdharau baba zaidi, na njiani nikamuuliza kwa nini alipiga makofi. "Wakubwa wameshaamua," alisema.

Sasa mimi ni mwalimu, naishi Shanwe, humohumo Mpanda, na simu yangu imejaa picha za chakula na za watu nisiowakumbuka majina. Ya Bibi sina. Kila alipotajwa mgeni, zahanati ilipakwa upya, na yeye pamoja nayo, mpaka pua ikapotea. Baba alifariki mwaka jana. Mwezi uliopita nilikwenda pale na kisu butu na chupa ya petroli, saa tatu asubuhi, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, nikaanza kukwangua nikisubiri nifukuzwe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno ya miaka mingi. Muuguzi alipita, akasimama. "Dada, unamsafisha? Asante, alikuwa amechafuka sana huyo." Akaendelea na kazi zake. Ganda baada ya ganda likadondoka, macho yakafunguka, shavu likatoka, na alikuwa ni yeye kabisa.

Kazi yote ilinichukua saa mbili. Baba, akienda kwa wateja, alipita mbele ya uso ule kila siku kwa miaka kumi na minane, mfuko wa patasi ukiwa begani.