Mshika Kamba

Mtaani kaka yangu anaitwa Kima, na jina hilo hakulichukia hata siku moja. Kima hupanda miti, naye hupanda miti. Tofauti yao, alikuwa akisema, ni kwamba kima akishuka hakuna mke wa kumuuliza mbona umechana suruali.

Kazi yake ni kupogoa miti ya watu wenye nyumba zinazotazama bahari. Miti hiyo ina tabu zake. Upepo wa chumvi huunguza majani ya upande mmoja, mti ukainamia nyumba kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mwenye nyumba akiona hivyo hutaka upande wa baharini ukatwe wote, apate kuiona bahari yake vizuri. Kaka hukataa. Huondoa matawi makavu, hupunguza yanayokwaruza bati, lakini majani yanayopokea upepo huyaacha, maana mti ukivuliwa nguo upande huo, dhoruba ya kwanza inaulaza juu ya paa. Wateja walimwita mkaidi. Mimi pia nilimwita mkaidi, ila kwa mambo mengine.

Mafundi wengine wa kazi hii huenda na vibarua. Kaka alikwenda na mke wake. Yeye juu na msumeno, mke chini na kamba. Kamba hiyo hupitishwa juu ya panda ya tawi nene. Ncha moja hufungwa kwenye mkanda wa kaka, na upande wa pili huzungushwa mara moja kwenye shina, kisha hushikwa na wifi yangu. Maneno yao yalikuwa mawili tu. Kaka akisema kaza, wifi alivuta mpaka kamba ikanyooka, na kaka akaegemea hewa na kufikia matawi ambayo ngazi haiyafikii. Akisema legeza, alimpa kamba taratibu, shubiri kwa shubiri. Na kwa kuwa upepo wa bahari hula maneno, mara nyingi hawakusema lolote. Wifi alijua kwa mikono.

Mimi ni fundi cherehani, ninapenda kitu kikae mezani nikione. Mambo ya kumning'iniza ndugu yangu angani sikuyapenda tangu mwanzo.

"Wifi, ukimwangusha kaka yangu nitakudai," nilikuwa nikimwambia.

"Nikimwangusha nitakuletea vipande, ushone," alikuwa akinijibu, na kucheka mpaka akashika kiuno.

Kusahau kwake nako kulianza kama mzaha. Alitia chumvi mchuzi ulioungwa tayari, tukacheka. Aliniuliza mama yetu anaendeleaje, mama ambaye yeye mwenyewe alimuuguza mpaka siku ya mwisho, na hapo hatukucheka. Siku nyingine nikaukuta msumeno ndani ya pipa la unga, umelazwa vizuri na kufunikwa. Daktari alisema ugonjwa huo hauna dawa, utamla kidogo kidogo, ya jana kwanza na ya zamani baadaye. Kaka alimsikiliza, akamshukuru, na kesho yake wakaondoka na kamba yao kwenda kazini kama kawaida.

Kisha akarudi siku moja ameshika mbavu.

"Tawi lilikuwa bovu," akasema.

Nilikuwa namkanda kwa maji ya moto, na nusura nimmwagie. "Wewe na tawi bovu wapi na wapi? Ulisema nini kule juu?"

"Nilisema kaza."

"Akafanya nini?"

"Akalegeza. Bahati tawi la chini lilinidaka."

Nikamwambia atafute mtu mwingine wa kushika kamba, na amweleze mkewe ukweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mbavu zilizoumia zilikuwa zangu.

"Ukweli huo kesho atausahau, mdogo wangu, lakini uchungu wake utabaki. Nimeshaona. Anamsahau aliyemkaripia, ila anashinda analia na hajui analilia nini. Akiamka hajui leo ni siku gani. Lakini ananiuliza, 'Mzee, leo mti upi?' Hicho tu ndicho anachoamka nacho. Na mimi ndiye nikamnyang'anye?"

Nikakamua kitambaa, nikaendelea kumkanda.

Ndipo akabuni hila. Akawa anajifunga kwenye shina kwa kamba fupi, peke yake, na ile kamba ndefu ya wifi anaifunga kwenye tawi nene. Kutoka huko juu anaita kaza, wifi anakaza. Anaita legeza, wifi analegeza, na kaka palepale alipo, hatikisiki. Nilimsifu. Kazi ilikwenda polepole maana kamba fupi haifiki mbali, lakini angalau nililala usingizi. Nami nikawa nafunga cherehani na kufuatana nao, nakaa barazani kwa mwenye nyumba, macho kwa wifi.

Siku ile walikuwa kwa mama mmoja mstaafu mwenye miti miwili, mkungu katikati ya ua na mvinje karibu na ukuta. Kaka alikuwa juu ya mkungu. Wifi akakaza, akalegeza, akakaza tena. Mara akaishika kamba kwa vidole viwili, akaisugua, kama mimi ninavyosugua kitambaa kujua ni pamba au nailoni. Akageuka.

"Wifi, huko juu kuna nani?"

"Si mumeo?"

"Mume wangu namjua. Mume wangu anapumua, anahama mguu, kamba haitulii. Hiki hakipumui."

Akaiachia kamba, akaenda kukaa juu ya rundo la majani yaliyokatwa. Hakupiga kelele. Machozi yalimtoka tu, mikono imelegea mapajani, na kaka akashuka mbiombio hadi akajichubua magoti.

"Mke wangu."

"Kama sikufai, niambie nibaki nyumbani," akasema. "Usinipe tawi nishike."

Katika miezi yote ile ya kusahau sikumsikia akisema jambo lililonyooka kama hilo. Kaka akapiga magoti mbele yake, akamwapia kwamba hatarudia. Nilijua kiapo hicho kina maana gani, na tulipofika nyumbani nilimpa yangu yote. Nilimwita punda. Nikamwambia wajinga hukata tawi walilokalia, lakini yeye anampa mgonjwa panga amkatie.

"Nikimwona tena amekaa vile juu ya majani," akasema, "nitaanguka hata bila kupanda." Akainuka kwenda kuikunja kamba.

Basi wakarudi kwa yule mama kuumalizia mvinje uliobaki. Safari hii kamba ilikuwa kwenye mkanda wake kweli. Nilisimama karibu na wifi, mikono tayari. Lakini alikuwa yule wifi wa zamani. Alikaza kabla hajaambiwa. Kaka alining'inia upande wa nje, akakata kidogo kutoka chini ya tawi kwanza ili gamba lisichanike, kisha kutoka juu, tawi likaanguka safi. Wifi alisogeza mguu wakati ule ule aliposogeza yeye. Nikaanza kujiambia kwamba pengine mimi ndiye mjinga. Mama mwenye nyumba akatuletea maji, nami nikayanywa yote, ya wifi na yangu.

Kazi ilipokwisha, kaka akaita, "Legeza!"

Kamba haikusogea.

"Legeza, mke wangu!"

Akakaza zaidi, mpaka vidole vikamwiva.

"Wifi, anasema ulegeze," nikamwambia.

"Sauti hiyo si yake," akasema, bila kuniangalia.

Kaka alikaa hewani kitambo. Kisha akajivuta hadi kwenye shina, akaifungua kamba kwenye mkanda, na ile ncha akaifunga kwenye tawi ili isije ikamwangukia mkewe. Akashuka kwa ngazi. Akaja akasimama mbele yake, unga wa mti umemjaa nywele na nyusi, na akanyoosha mkono.

"Nimeshuka. Nipe sasa upumzike."

Wifi alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mpita njia mwenye adabu.

"Samahani, kaka, usinisemeshe," akasema. "Nimemshika mume wangu. Yuko juu."

Nikangoja mikono yake imwambie. Siku ile ya mkungu mikono ndiyo iliyomwambia. Kamba ilikuwa imetulia tuli, tawi haliendi popote, halihami mguu, halipumui, na yeye akaendelea kulishika kwa nguvu zake zote, macho juu. Ndipo nikajua kwamba hata mikono imesahau. Nilijifunika uso nikalia, tena kwa sauti, mbele ya mama wa watu.

Nilipofunua uso, kaka alikuwa amezunguka nyuma yake.

"Basi nikusaidie, mama," akamwambia. "Umechoka."

Wifi akafikiri kidogo, akasogea hatua moja kumpisha. "Haya, shika hapo nyuma yangu. Lakini usilegeze mpaka aseme mwenyewe."

Kaka akashika.