Kukubali Shuka la Chumba cha Nne

Dobi wa nyumba ya wageni, ambaye wifi yake alimbandika jina la Kiberiti, alikuwa na maradhi ya hisia zinazowaka ghafla. Alishafukuzwa kazi mara tatu, na kila mara alirudi nyumbani kujiumiza. Mshauri wa kliniki alimfundisha dawa mbili: maji baridi usoni, na kukubali. Ya pili ilimtia kichefuchefu.

"Nikubali uchafu wa watu?"

"Kukubali si kuridhia, dada. Ni kuacha kubishana na kilichopo."

Asubuhi moja kazini, kilichopo kilikuwa matapishi, yamekunjwa kwa adabu ndani ya shuka la chumba cha nne. Kiberiti akalibeba hadi mlangoni kwa meneja, ayamwage mezani pake. Hapo akasita, akarudi chumba cha kufulia, akazamisha uso katika beseni la karibu, akahesabu hadi thelathini. Humo mlikuwa mmelowekwa soksi za mgeni.

"Umekuwa bata?" akauliza wifi yake, mfanyakazi mwenzake, aliyekuwa akipiga pasi humo.

"Nimekubali, wifi."

"Umekubali nini?"

"Kwamba haya ni matapishi."

"Na umeyapenda?"

"Thubutu! Karibu niyaongeze."

Akatema mate yenye ladha ya soksi, akashika brashi, akaanza kusugua.