Masufuria ya Shangazi

Mie huwa na wasiwasi na kila kitu. Nikifunga mlango narudi kuuhakikisha. Nikimwamkia mtu shikamoo asipoitikia upesi, najiuliza nimemkosea nini. Kitu kimoja tu sikuwahi kukitilia shaka: nyota. Kwa hiyo shule mpya ya binafsi huko Mbezi iliponiita nifundishe somo la majaribio mbele ya mkuu wa shule, ndipo waamue kuniajiri au kuniacha, nilichagua nyota kubwa zinazotema kabla ya kulipuka. Serikali ilikuwa imeshaacha kutupangia kazi sisi tuliomaliza chuo, nami nilikuwa bado nakula kwa baba, Temeke.

Nilifanya mazoezi uani, mbele ya shangazi yangu, aliyekuwa amerudi kwetu baada ya kuachika. Alikaa kwenye mbuzi akikuna nazi.

"Nyota iliyo kubwa mara nyingi kuliko jua," nikaanza, "ikikaribia mwisho wake haitulii. Inafura, inatema matabaka yake ya nje, halafu inapoa kama haikufanya kitu. Baadaye inaweza kutema tena. Siku kitovu chake kikiishiwa moto, kinaporomoka kwa ndani, na nyota inalipuka."

"Inasusa," alisema shangazi bila kuinua kichwa.

"Haisusi, shangazi. Ni mgandamizo wa..."

"Inasusa, msomi wee! Mie kabla ya talaka nilisusa weee, mpaka miguu ikazoea njia. Kila nikisusa narusha masufuria uani, nakuja hapa kwa baba yako, yule bwana ananifuata kunibembeleza, narudi. Masufuria yako palepale. Mie siokoti, yeye haokoti, atakayeokota kashindwa. Siku ya mwisho natoka na sanduku langu, nina hasira sioni mbele, si nikayaparamia! Mbagala nzima ikajua nimeachika. Na talaka yenyewe aliitoa kwa kunong'ona."

Nilimuuliza kama naweza kuwasimulia wanafunzi, au itakuwa kumvunjia heshima, au labda nibadilishe kidogo, niseme ni jirani.

"Waambie ni mie. Ila useme yalikuwa mapya."

Siku ya somo nilianza kwa Kiingereza changu cha chuo, na darasa likanitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Mkuu wa shule, mzee wa miwani aliyekaa dawati la nyuma, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Kijana, nyota imeshatupa sehemu ya mwili wake. Imepungua. Mbona unasema mlipuko wake unaweza kung'aa zaidi?"

Swali hilo nililiogopa wiki nzima. Niliweka chaki chini, nikahamia Kiswahili, nikawapa masufuria ya shangazi, mapya. Darasa likaangua kicheko.

"Basi ile gesi iliyotemwa ndiyo masufuria," nikasema. "Haijafika mbali. Mlipuko unatoka kwa kasi, unaiparamia, na kule kugongana ndiko kunakowaka. Uani kusingekuwa na masufuria, mtaa usingesikia kishindo kikubwa hivyo."

"Na inasusia nini?" aliuliza kijana mmoja.

"Hilo wataalamu bado wanabishana," nikajibu, na nikashangaa kwamba kutojua hakukunitisha.

Msichana wa mbele akauliza, "Mwalimu, mwishowe nani aliyaokota?"

Nikamwahidi nitamuuliza shangazi mwenyewe. Mkuu wa shule alikuwa amevua miwani anaifuta, mabega yakimtikisika.

"Jumatatu uanze kazi," alisema. "Uje na chaki zako, zetu hazijafika."

Nyumbani nilimkuta shangazi anapakua wali. Nilimwambia nimepata kazi, kisha nikamfikishia swali la yule msichana.

"Niliyafuata mwenyewe asubuhi yake, yote," alisema. "Nishaachika, nashindana na nani tena?" Akanisogezea sahani. "Kwani huu wali unaokula humu kila siku ulidhani unapikwa kwenye nini? Kula, mwalimu."