Trekta nyekundu, breki mbili, na mama wa chai

Leo karibu niangushe jiko la mama wa chai kwa trekta!

Niko sokoni Jebel.

Tulikuja kuchagua trekta ndogo ya shamba. Mume wangu, Baba Poni, alitaka ile nyekundu, eti ina nguvu. Lakini dereva ni mimi, kwa hiyo nikaenda kuijaribu.

Mama wa chai, mwenye jiko karibu na trekta, akanizuia. "Wee, na mtoto mgongoni? Lete hapa!"

Nikamfungua Poni, nikampa. Nilinuna kidogo, nakubali.

Jamani! Nyekundu ina pedali mbili za breki, kila moja na gurudumu lake la nyuma. Muuzaji alisahau kuziunganisha. Nikakanyaga moja, trekta ikageuka ghafla, ikasimama mbele ya birika.

Baba Poni: "Lakini nguvu umeiona?"

"Kalas, inatosha," nikamwambia. "Mimi na mtoto wako ndio tutakaoshinda nayo shambani kutwa."



Nikajaribu ya bluu, yenye pedali moja ya breki. Ikasimama palepale nilipotaka. Tumeichukua.

Ndipo mama wa chai akaniambia, "Sasa chukua mtoto."

Poni alikuwa amelala fofofo.

Mama wa chai, shukran sana. Chai yako nimeinywa nikilia, nikiwaza Poni angekuwa mgongoni.

Wenye trekta, breki zenu zikoje?